Bia ya pipa chini ya jua la Kaskazi: povu linatoka wapi, na baridi inapatikanaje pasipo na baa

Katika baa nyingi za Mombasa, mteja huulizwa swali moja kabla ya kuletewa chupa ya bia: baridi au moto? Bia "moto" ni ile iliyokaa rafuni katika joto la chumba, na wako wanywaji wa miaka mingi wasiotaka nyingine. Kwa bia ya pipa swali hilo haliulizwi, na sababu yake si mazoea ya wenye baa. Chupa iliyofikia nyuzi joto 30 hufunguliwa ikanyweka. Pipa lenye joto hilohilo, likiunganishwa na mfereji wa kawaida, hutoa povu jeupe lisilokwisha. Mtu anayetaka kuhudumia bia ya pipa mahali pasipo na baa, iwe bustani ya nyumba huko Nyali, ufuo wa Bamburi au uwanja wa maonyesho wa Mkomani, hana budi kuielewa tofauti hiyo kabla hajakodi kifaa chochote, kwa maana shida nyingi atakazokutana nazo zinatoka hapo.

Kazi yangu ni kukodisha na kuendesha vifaa hivi, na somo hili nililipata kwa aibu. Ilikuwa harusi ya mwezi wa Machi huko Nyali, wakati Kaskazi inapofifia na joto la pwani linaposimama pasipo upepo wa kulipunguza. Msambazaji alileta mapipa matatu ya lita 50 saa sita mchana, nyuma ya pikapu isiyo na turubai, baada ya kuzunguka nayo mjini tangu asubuhi. Saa tisa wageni walipotoka kanisani, kijana niliyemweka mferejini alifungua, akajaza povu jagi la kwanza, la pili, kisha ndoo. Kila aliyesimama karibu alikuwa na maelezo yake: gesi imezidi, gesi imepungua, bia imeharibika, mpira una tundu. Regileta, yaani kidhibiti cha presha ya gesi, ikazungushwa juu, ikazungushwa chini. Hatimaye niliweka kiganja ubavuni mwa pipa, na chuma kilikuwa na moto wa kikombe cha chai kilichosahaulika mezani. Tulimwaga karibu nusu ya pipa la kwanza kabla sijakubali kwamba hakuna kifaa kilichokuwa kibovu.

Bia ina gesi ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake. Bia nyingi za leja hubeba ujazo wa gesi unaokaribia mara mbili na nusu ya ujazo wa bia yenyewe, yaani lita 1 ya bia huwa na takriban lita 2.5 za gesi iliyofichika. Kinachoishikilia gesi hiyo isitoke ni mambo mawili yanayofanya kazi pamoja, baridi na presha. Mwanakemia Mwingereza William Henry alieleza mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika kimiminika hufuata presha ya gesi hiyo juu ya kimiminika. Na kila aliyewahi kufungua soda iliyokaa juani anajua upande wa pili wa jambo hili, kwamba kimiminika kikipata joto hukataa kuishika gesi.

Tuweke hesabu mezani. Bia ya kiwango hicho cha gesi ikiwa na nyuzi joto 3, presha ya takriban psi 11 (psi ni kipimo cha presha, pauni kwa kila inchi mraba) kwenye geji inatosha kuituliza. Ikifika nyuzi joto 30, presha inayohitajika ili gesi isitoke ni karibu psi 38, zaidi ya mara tatu. Katika baa, pipa liko ndani ya friji, presha ni ndogo, mpira ni mfupi, na kila kitu kimetulia. Kwenye bustani, pipa la moto likipewa presha ya baa, gesi hujitenga ndani ya pipa lenyewe na njiani, na mferejini hufika mchanganyiko uliokwisha kuvurugika. Ukiipandisha presha hadi psi 38 kwa mpira uleule mfupi, bia hutoka kwa nguvu ya mfereji wa zimamoto, inajipiga ukutani mwa gilasi, na povu ni lilelile. Ndiyo maana wale waliokuwa wakizungusha regileta siku ya harusi hawakuwa na njia ya kufaulu: kwa vifaa vile na joto lile, hapakuwa na alama hata moja kwenye geji ambayo ingeweza kutoa bia.

Sanduku la barafu lenye koili lilibuniwa kufungua fundo hilo. Kwa nje ni sanduku la kawaida la kuhifadhia baridi, kama lile la kubebea samaki, lililotobolewa mbele na kufungwa mfereji mmoja au miwili. Ndani yake kuna bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu lililosokotwa mizunguko mingi, urefu wake ukiwa kati ya mita 15 na mita 36. Bia hutoka pipani, hupita katika koili iliyozungukwa na barafu, na hufika mferejini ikiwa baridi. Watu wengi hudhani koili ni ndefu kwa ajili ya baridi pekee. Urefu huo una kazi ya pili isiyo ndogo: bomba refu na jembamba huizuia bia, huipunguza mwendo, na kuimeza presha kubwa kidogo kidogo njiani. Kwa hiyo mhudumu anaweza kuweka psi 30 au 35, presha ya kuituliza bia yenye joto pipani, na bado bia ikatoka mferejini kwa utaratibu. Baridi na presha, ambazo mpira mfupi ulizifanya zigombane, koili ndefu huzipatanisha.

Lakini koili haifanyi muujiza, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Koili ya mita 36 yenye kipenyo cha ndani cha milimita 6 hubeba lita 1 tu ya bia. Hiyo ni vikombe viwili vya nusu lita. Mteja anayekuja kukagua kifaa asubuhi huonja kikombe cha kwanza, huonja cha pili, hukuta vyote ni baridi ya kuumiza meno, hutikisa kichwa kwa kuridhika na kwenda zake. Vikombe hivyo viwili vilikuwa vimelala ndani ya barafu tangu kifaa kilipofungwa. Havina habari yoyote kuhusu kazi itakayofanyika jioni. Ninachopima mimi ni kikombe cha sita, kilichomiminwa mfululizo baada ya vile vitano, kwa sababu bia hiyo ilikuwa pipani dakika moja tu iliyopita na imepita kwenye barafu kwa muda wa sekunde kumi na kitu. Kikombe cha sita kikiwa na nyuzi joto 5 au chini yake, sanduku liko tayari. Kikiwa na nyuzi 10, jioni itakuwa ndefu.

Fikiria joto linalohamishwa wakati huo. Kikombe cha nusu lita hujazwa kwa takriban sekunde 8. Kuishusha bia kutoka nyuzi 28 hadi nyuzi 4 kwa mwendo huo ni kuondoa joto la kilowati 6 hivi, sawa na birika tatu za umeme zinazochemsha kwa wakati mmoja, isipokuwa kwamba hapa joto linatolewa badala ya kuingizwa. Barafu inaweza kazi hiyo. Mashine ndogo ya umeme, ambayo wauzaji huisifu kwa kusema inapoza lita 30 kwa saa, haiwezi kuifanya kwa papo. Lita 30 kwa saa ni kikombe kimoja kila dakika, na wakati wa mapumziko ya mechi, au wakati bwana harusi amekaribishwa na wote wanataka kuinua gilasi, hakuna foleni inayokwenda kwa mwendo wa kikombe kimoja kila dakika. Mashine za umeme zinazofaulu ni zile zinazojitengenezea barafu ndani yake saa kadhaa kabla ya shughuli, kisha zikaitumia akiba hiyo watu wanapofurika. Anayekodi mashine ya namna hiyo na kuiwasha nusu saa kabla ya wageni kufika amekodi nusu ya mashine. Na anayetegemea jenereta aulize pia nani atakayeongeza mafuta, kwa kuwa jenereta ikizimika dakika ishirini katikati ya karamu, akiba hiyo ya barafu ndiyo itakayombeba.

Nirudi kwenye barafu, kwa sababu ndilo jambo linalopuuzwa kuliko yote na ndilo lenye hesabu iliyo wazi kuliko zote. Kilo 1 ya barafu inapoyeyuka humeza kilojuli 334 za joto. Pipa la lita 50 likitoka nyuzi 28 hadi nyuzi 4 linatoa takriban kilojuli 4,900. Gawanya, utapata karibu kilo 15 za barafu kwa kila pipa, na hizo ni kilo 15 za barafu iliyofanya kazi ya bia peke yake bila kupotea hata tone. Sehemu nyingine itayeyushwa na hewa, na jua, na mikono inayofungua kifuniko kila mara kutafuta soda za watoto. Mimi hubeba kilo 30 kwa kila pipa la moto na sijawahi kujutia. Sasa angalia kinachotokea pipa likifika likiwa na nyuzi 10 badala ya 28: barafu inayohitajika kwa kazi ya bia inashuka hadi chini ya kilo 4. Kulipia usiku mmoja wa chumba cha baridi, pipa likalala humo saa 24 kabla ya shughuli, ni rahisi kuliko kuliokoa pipa lililopikwa juani, na tena kunaipa bia nafasi ya kutulia baada ya mitikisiko ya barabarani. Siku hizi sipokei pipa la siku hiyohiyo isipokuwa mwenye shughuli amekubali kwa kinywa chake kwamba atanunua barafu maradufu.

Mombasa ina neema moja katika jambo hili. Mji wa wavuvi ni mji wa barafu, na kwa wauzaji wanaowahudumia wenye mashua mtu anaweza kupata mapande makubwa kwa bei isiyolingana hata kidogo na ile ya mifuko midogo ya dukani. Barafu hiyo ya samaki haifai kuingia kinywani. Inafaa kabisa kuzunguka koili, kwa kuwa bia iko ndani ya chuma na haigusani nayo, mradi sanduku liandikwe wazi kwamba barafu yake si ya kunywea na mhudumu azuie watu wasichote humo kwa ajili ya gilasi zao. Barafu ya kunywea iwe katika chombo kingine, mbali na hapo. Nimeona shangazi wa bibi harusi, kwa nia njema, akichota barafu ya sandukuni kumtilia mgeni kwenye maji yake ya ukwaju, na tangu siku hiyo sanduku langu lina komeo.

Namna ya kuipanga barafu hutegemea kilichomo ndani, na makosa hapa ni ya kawaida mno. Sanduku la koili linataka barafu pamoja na maji. Mapande matupu huacha mianya ya hewa, na hewa haichukui joto upesi. Maji hugusa kila upande wa bomba na kuipeleka baridi ya barafu mpaka kwenye chuma. Maji hayo yakorogwe mara kwa mara, kwa sababu maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, huzama chini na kukaa huko huku barafu ikielea juu, na mizunguko ya chini ya koili ikawa inaoga katika maji yaliyokwisha kupoteza ukali. Kuna aina nyingine ya sanduku ambayo badala ya koili ina bamba zito la alumini, lenye vijibomba vilivyofichwa ndani yake. Hilo linataka kinyume chake: barafu ikae moja kwa moja juu ya bamba, na maji yatiririshwe nje kila yanapojikusanya. Barafu ya juu ya bamba hujichimbia pango, yaani huyeyuka pale inapogusa kisha ikabaki imejishikiza yenyewe hewani bila kugusa chochote, na asiyejua huona sanduku limejaa akashangaa kwa nini bia imepata moto. Dawa ni kuishindilia kwa mkono kila baada ya robo saa. Kwa pipa lililopozwa tangu jana bamba hufanya kazi nzuri. Kwa pipa la moto, nisingeliamini.

Wako wanaotia chumvi katika barafu, kama wanavyofanya watengenezaji wa aiskrimu. Chumvi huishusha barafu mbali chini ya sifuri, na bia huanza kuganda kwenye takriban nyuzi 2 chini ya sifuri. Mfereji ukifungwa dakika chache wageni wakisikiliza hotuba, bia iliyolala ndani ya koili inaweza kuganda na kuziba njia nzima. Barafu na maji matupu hayawezi kuigandisha bia, kwa kuwa hayashuki chini ya sifuri. Usalama huo haufai kuuzwa kwa nyuzi mbili zaidi za baridi.

Na gunia bichi? Wazee wetu walipoza maji kwa mtungi wa udongo unaotoa jasho, na bado wako wanaolifunika pipa kwa gunia lililolowa wakitumaini hilohilo. Maji yanapogeuka mvuke hubeba joto, hilo ni kweli. Lakini hewa ya pwani imekwisha kushiba unyevu, na jasho la gunia halikauki upesi. Huko bara kavu gunia lingefanya zaidi; huku kwetu litalizuia pipa lisizidi kupata moto, basi. Kivuli cha mwembe na gunia bichi ni ulinzi mzuri kwa pipa lililofika baridi. Kulipoza pipa lililofika moto ni kazi ya barafu, na ikiwa hakuna sanduku la koili, pipa lisimamishwe ndani ya beseni kubwa la barafu na maji kwa saa kadhaa. Hapo barafu ya chini inahesabika hasa, kwa kuwa bia baridi huzama, na bomba la ndani ya pipa huinyonya bia kutoka sakafuni mwake. Ukitaka kujua pipa limebaki na kiasi gani, angalia ubavu wake: umande hukaa pale bia ilipo, na mahali umande unapokatika ndipo bia ilipofikia.

Kuhusu gesi nitasema machache, ingawa hatari yake ni kubwa kuliko ya kitu kingine chochote katika kazi hii. Mtungi wa kaboni dayoksaidi una gesi iliyogeuzwa kimiminika, na kwa nyuzi joto 20 presha ya ndani yake ni karibu bari 57, zaidi ya psi 800. Gesi hiyo ina mpaka wake, nyuzi 31, ambapo kimiminika na gesi huacha kutofautiana na presha hupanda kwa kasi. Nairobi mtungi unaweza kukaa siku nzima bila kuukaribia mpaka huo. Mombasa mwezi wa Februari unauvuka ukiwa umesimama juani tu, au ndani ya buti la gari lililofungwa. Mtungi ukae kivulini, usimame wima, ufungwe kwa mnyororo au kamba kwenye kitu kisichoanguka, na kamwe usiunganishwe na pipa bila regileta. Gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Ikivuja ndani ya gari au hema lililozibwa hujaa kutoka chini bila harufu ya kumwonya mtu. Kwa upande wa kiasi, kulimaliza pipa moja la lita 50 kwa presha ya psi 30 hutumia takriban robo kilo ya gesi, kwa hiyo mtungi wa kilo 5 hutosha mapipa zaidi ya kumi, na mwenye shughuli asikubali kuuziwa mtungi wa pili kwa karamu ya mapipa matatu, isipokuwa kama ni akiba ya dharura.

Wenzetu wanaoshuka kutoka Nairobi na vifaa vyao hunishangaza kwa kusema kwamba alama zao za geji "hazifanyi kazi pwani". Wana haki. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na geji hupima tofauti kati ya presha ya ndani na hewa ya nje. Kwa bia ya baridi ileile, geji ya Nairobi husoma takriban psi 2.5 hadi 3 zaidi ya ile ya Mombasa. Mtu akiisahau tofauti hiyo kwenye sanduku la koili ndefu, haitamdhuru sana. Kwenye friji ya mpira mfupi ataiona kwenye povu.

Upo pia mkono wa mhudumu. Mfereji hufunguliwa wote kwa mara moja; ukifunguliwa nusu, bia hujikwaruza kwenye upenyo mwembamba na kuachia gesi. Gilasi iinamishwe, bia ishuke ubavuni, kisha isimamishwe mwishoni ili ipate kilemba cha povu cha vidole viwili, kwa kuwa bia isiyo na povu kabisa nayo imekosa harufu yake. Kikombe cha kwanza baada ya kimya kirefu kitatoa povu kwa sababu mfereji wenyewe umepata moto wa hewa, na haifai kugusa regileta kwa ajili ya kikombe kimoja. Mpira uliojikunja chini ya meza umeniharibia saa nzima mara moja, kwa hiyo sasa naufuata kwa mkono kutoka pipani hadi sandukuni kabla ya kumlaumu mtu. Ukihesabu povu na kumwagika, pipa la lita 50 litakupa vikombe 90 vya nusu lita, si 100.

Kichwa kinachofungwa juu ya pipa nacho kinataka uangalifu, maana viko vya aina mbalimbali na cha pipa moja hakiingii kwenye jingine. Kiulizwe siku pipa linapoagizwa. Vile vya kupampu kwa mkono huingiza hewa badala ya gesi. Vinafaa pale tu pipa litakapomalizwa siku hiyohiyo, kwa kuwa oksijeni huchakaza ladha ya bia, na kufikia kesho yake huwa imechacha.

Kabla ya haya yote kuna karatasi. Leseni za vileo ni kazi ya serikali za kaunti, na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Anayeuza bia katika tamasha aulize kibali katika kaunti anakokwenda hasa: ukivuka daraja la Mtwapa umeingia Kilifi, ukivuka feri ya Likoni na kufika Diani uko Kwale, na karatasi ya Mombasa haikusaidii. Ufuoni kuna jambo jingine, kwamba plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, fuo zikiwemo, tangu Juni 2020, kwa hiyo vikombe viwe vya kurudishwa na kuoshwa. Na kwa kuwa mji wetu una misikiti mingi na majirani wengi wasiogusa kileo, mimi huweka meza ya bia upande ulio mbali na barabara na njia ya waumini, na soda na maji huyapa meza yake peke yake ili mgeni asilazimike kupanga foleni ya mapipa kwa ajili ya maji ya kunywa. Hakuna sheria niliyoombwa kuifuata katika hilo; ni adabu ya mahali.

Usiku, shughuli ikiisha, kazi moja haingoji asubuhi. Bia inayobaki ndani ya koili katika joto letu huwa chakula cha hamira na vijidudu kabla jua halijachomoza, na utando wanaouacha ndani ya bomba ndio unaoitia uchachu bia ya harusi inayofuata. Mimi husukuma maji safi mara moja palepale uwanjani, kisha kesho yake huzungusha dawa ya kusafishia yenye magadi makali kwa robo saa, nikiwa nimevaa glavu na miwani, na kusuuza hadi maji yanayotoka mferejini yasiwe na utelezi wowote vidoleni wala kuibadili rangi ya kijikaratasi cha kupimia. Mwisho hupuliza gesi kidogo kuikausha koili, na kuliacha sanduku kifuniko wazi kivulini. Siku ile ya Nyali tulimaliza saa saba usiku, tukiwa tumeokoa mapipa mawili kwa kilo 60 za barafu zilizoletwa kwa tuktuk kutoka kwa muuza samaki, na nilipolijaribu sanduku mara ya mwisho kwa maji, kijana wangu alikinga gilasi mferejini, akaiinua kwenye taa ya veranda kuiangalia, akaimwaga na kukinga nyingine.